Pimeni vumbi, msipime kiroba cha udongo tu

Kuna kitu kinanikera kila nikisoma ripoti za mazingira za huku kwetu kusini mwa Tanzania, na nazisoma nyingi maana ndo kazi yangu, mimi ni mtu wa maabara ya udongo, mzaliwa wa Nachingwea, saivi naishi Lindi mjini. Unafungua ripoti unakutana na jedwali limenyooka, nikeli miligramu kadhaa kwa kilo, risasi kadhaa, aseniki kadhaa, pembeni kiwango kinachoruhusiwa, alafu chini wanahitimisha kwamba jamii iko salama. Sasa rudi nyuma kwenye ukurasa unaoeleza walivyofanya. Udongo ulichotwa kwa koleo, ukatiwa kwenye kiroba, ukaanikwa, ukapitishwa kwenye chekeche ya milimita 2, ukasagwa, ukapimwa. Milimita 2 wadau! Hiyo ni changarawe ndogo. Hakuna mtoto wa Ruangwa anayevuta changarawe puani.

Anachovuta na anachomeza ni lile vumbi laini ambalo ukifuta meza asubuhi mchana limerudi. Na hilo ni kitu kingine kabisa, lina tabia zake na lina metali zake. Punje ya maikroni 100 (maikroni 1000 ndo milimita moja) ukiiachia kutoka usawa wa kifua inafika chini ndani ya sekunde chache tu. Ya maikroni 10 inachukua kama dakika tatu. Ya maikroni 2.5 inachukua karibu saa nzima, na hapo ni hewa imetulia tuli, upepo ukiwepo ndo kabisa haishuki, inasafiri mpaka kijiji cha pili. Zile kubwa zikiingia puani zinanaswa puani na kooni, zinamezwa na mate, zile za chini ya maikroni 4 hivi ndo zinafika mwisho kabisa kwenye mapafu, na kule hakuna cha kukohoa zikatoka zote.

Alafu kuna ishu ya metali zenyewe zinakaa wapi. Udongo wetu sehemu kubwa ya punje nene ni kwazi, yaani ule mchanga mweupe mgumu, na kwazi haibebi metali ya maana. Metali kama risasi na aseniki zinapenda kung'ang'ania kwenye mfinyanzi na kwenye ile kutu ya chuma na manganizi inayoupa udongo wetu wekundu wake, na vitu hivyo viko kwenye punje ndogo. Ukiongeza na hesabu ya eneo la nje, gramu moja ya punje za maikroni 10 ina eneo la nje mara 100 ya gramu moja ya punje za milimita moja, kwa hiyo nafasi ya kushika metali ni kubwa mno. Chukulia kilo moja ya udongo ambayo sehemu laini ni asilimia 5 tu, na hiyo sehemu laini ina risasi miligramu 800 kwa kilo, huku asilimia 95 iliyobaki ina 20. Ukipima yote kwa pamoja unapata 59. Ripoti inaandika 59, kila mtu anapumua, mkutano unafungwa. Lakini upepo hauchukui wastani, upepo unachukua ile ya 800.

Hapo ndo ugomvi wangu ulipo, mengine yote nitakayosema yanatokana na hapo.

Kwa nini nahangaika na hili saivi na sio miaka kumi ijayo? Kwa sababu ukanda wetu ndo kwanza unaamka kimadini. Ruangwa ina kinywe (grafiti) cha kutosha, maeneo ya kina Chunyu na Matambarale kila mtu anayajua kwa hilo. Nachingwea kuna kilima cha Ntaka chenye nikeli. Kilwa kuna jasi. Na dhahabu ya wachimbaji wadogo ipo muda mrefu, Namungo watu wengi nchini wanaijua kwa mpira lakini ni eneo la machimbo kabla ya mpira. Hivi vitu vinakuja na ajira na mimi sipingi hata kidogo, nina ndugu wanaosomesha watoto kwa hela ya karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ninachotaka ni tupime kitu sahihi, mahali sahihi, na tupime mapema.

Tuanze na karasha. Mawe yanasagwa makavu, mashine inatema vumbi, vijana wanatoka kope nyeupe, mama lishe amepanga masufuria yake hapo upande wa pili kwa sababu wateja wako hapo, na mtoto wake amekaa chini kwenye kiroba kitupu kilichobeba mawe jana. Jioni mtu anarudi nyumbani na nguo zile zile. Watu wengi wakifikiria hatari ya machimbo wanafikiria shimo kuporomoka au zebaki, na ni kweli hizo ni hatari, ila vumbi linaua polepole na halina mlio.

Kama unadhani nakuza mambo, soma yaliyotokea jimbo la Zamfara, kaskazini ya Nigeria, mwaka 2010. Wachimbaji wadogo walipata dhahabu kwenye mawe ambayo pia yalikuwa na risasi nyingi. Wakayapeleka vijijini kuyasaga, wengine kwa mashine zile zile za kusagia nafaka, kwenye vitongoji ambapo watoto wanacheza. Madaktari Wasio na Mipaka ndo walioshtuka mwezi wa tatu mwaka ule baada ya kuona watoto wanakufa kwa degedege kuliko kawaida. Watoto zaidi ya 400 waliripotiwa kufariki. Vijiji kama Dareta na Yargalma vikabidi vikwanguliwe udongo wa juu na kuwekwa udongo msafi, nyumba kwa nyumba. Na kuna kipande cha ile habari huwa hakisimuliwi sana lakini kwa mtu wa maabara ndo kitamu chenyewe, yaani kizito: sehemu ya ile risasi ilikuwa imeshabadilika kuwa kabonati, sio ile salfaidi ngumu ya asili ya jiwe. Kabonati inayeyuka kirahisi kwenye asidi ya tumbo. Kwa hiyo hata vijiji viwili vikiwa na namba ile ile ya risasi kwenye udongo, kimoja kinaweza kuwa hatari mara nyingi kuliko kingine, inategemea risasi imekaa kwa umbo gani.

Ndo maana kuna kipimo cha pili ambacho nakipigania kila nikipata nafasi. Unachukua gramu moja ya ile sehemu laini, unaitia kwenye mililita 100 za maji yenye glisini (kemikali ya kutuliza ukali wa asidi usibadilike) yaliyotiwa asidi mpaka pH 1.5, yaani ukali kama wa tumboni, unaitikisa saa moja kwenye joto la 37, yaani joto la mwili, alafu unachuja na kupima kilichoyeyuka. Unaiga tumbo la mtoto. Kwa mapafu kuna maji mengine ya pH 4.5 yanayoiga zile seli zinazomeza vumbi ndani ya pafu. Hivi vipimo havihitaji miujiza, vinahitaji mashine ya kutikisa yenye joto, glisini, asidi na mtu makini. Mashine ghali ni ile ya mwisho ya kusoma metali, na hata hiyo unaweza kutuma vichupa vyako maabara kubwa.

Sasa twende kwenye hewa, maana hapa watu huwa wanadhani ukiweka pampu na filta umemaliza. Pampu ya kawaida ya kupimia inavuta lita 16.7 kwa dakika, ndani ya saa 24 ni mita za ujazo 24. Tuseme siku hiyo vumbi la chini ya maikroni 10 ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, ambayo imeshapita kidogo ile 45 ya saa 24 waliyoweka WHO (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2021. Filta yako itakuwa na miligramu 1.2 ya vumbi. Kama hilo vumbi lina ile risasi ya 800 niliyotumia juu, hewani ni mikrogramu 0.04 kwa mita ya ujazo. Mwongozo wa WHO wa risasi hewani ni 0.5 kwa wastani wa mwaka. Unaona? Kwa kipimo cha hewa tuko chini zaidi ya mara kumi, ripoti itapigwa muhuri. Lakini mtoto anayetambaa, anayeshika mkeka na kunyonya vidole, mahesabu mengi yanamkadiria anameza kama miligramu 100 za udongo na vumbi kwa siku. Kwa vumbi la 800 hiyo ni mikrogramu 80 za risasi tumboni kila siku, wakati kwa kuvuta hewa angepata kama 0.4 tu. Mara 200! Kwa huyo mtoto pampu ilipima sehemu ambayo sio mlango wa sumu. Kwa kijana wa karasha inaweza kuwa kinyume chake, yeye anavuta vumbi zito saa nane mfululizo, na kuna vitu kama misombo ya nikeli na hiyo kwazi yenyewe ikiwa vumbi laini ambavyo ubaya wake mkubwa uko kwenye mapafu, vyote viwili vimewekwa na IARC (shirika la utafiti wa saratani la WHO) kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujabeba chombo chochote ni hili, unampima nani na sumu inamwingilia wapi.

Kwa watoto ninachokiamini mimi ni vumbi la ndani ya nyumba. Unapima eneo la sentimita 30 kwa 30 sakafuni, unafuta kwa kitambaa maalumu chenye unyevu, unaweka kwenye kichupa, unapima metali kwa eneo. Dirishani unafanya hivyo hivyo. Na kuna hazina moja imekaa tu bure, juu ya kenchi na darini. Vumbi la pale halikuletwa na miguu, limeingia na hewa na kutulia, na kama hakuna mtu anayefagia kule basi ni kumbukumbu ya miaka. Kule Idrija, Slovenia, mji uliochimba zebaki kwa zaidi ya miaka 500, watafiti walipanda madarini ya nyumba za zamani kwa ajili hiyo hiyo. Sisi nyumba zetu nyingi za bati hazina dari ila kenchi zipo, na hakuna mwenye nyumba aliyenikatalia nikimweleza, wengine wanashukuru kabisa kufutiwa.

Kuhusu zebaki nitasema kidogo ila ni muhimu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020 na mkataba wenyewe ni wa 2013, lakini kwenye mialo mingi (sehemu za kuoshea na kukamatia dhahabu) dhahabu bado inakamatwa kwa zebaki na kuchomwa wazi. Mvuke wa zebaki unapita kwenye filta kana kwamba filta haipo, kwa hiyo filta safi haimaanishi hewa safi. Na udongo ukiukausha kwenye oveni kali kabla ya kupima, zebaki inaondoka na joto, unabaki unapima kilichosalia. Ukiona ripoti imekausha udongo kwenye joto la 105 alafu inatangaza zebaki iko chini, iulize hiyo ripoti maswali. Kausha kwa hewa ya kawaida, isizidi joto la 40.

Na ile mashine ya eksirei ya mkononi ya kusoma metali kwenye udongo, XRF, naipenda sana, unaenda nayo porini unapiga sehemu nyingi kwa siku moja na unajua wapi pa kuchimba zaidi. Ila ina mitego yake. Udongo wenye unyevu unashusha namba. Inatambua kila metali kwa mistari yake ya eksirei, na mstari mkuu wa aseniki na mmoja wa mistari mikuu ya risasi inagongana karibu pale pale, kwa hiyo penye risasi nyingi aseniki inajificha na usiamini ikikwambia hakuna. Na imetengenezwa kusoma udongo uliojaa kikombe, sio utando mwembamba kwenye filta, ukiipiga filta nayo bila kuirekebisha kwa ajili hiyo namba unazopata ni za kubahatisha. Chekeche nazo zina mambo, ukitumia ya shaba nyeupe unajiongezea shaba na zinki wewe mwenyewe, tumia ya nailoni. Na lazima kila mara uwe na filta tupu ambayo imesafiri safari ile ile, ikafunguliwa na kufungwa, ikarudi bila kuvuta hewa, maana filta zingine hasa za nyuzi za glasi zinakuja na zinki na bariamu yao kutoka kiwandani.

Hizi sensa za leiza za bei nafuu, vile vifaa vidogo vya kupima vumbi hewani, ambazo vijana wa teknolojia wananiletea kila mwezi, jamani, ni nzuri kwa moshi, ila kwa vumbi la machimbo hazitoshi. Zinahesabu mwanga unaotawanywa na chembe, chembe nyeusi kama kinywe na makaa ya mawe zinameza mwanga, na punje za kati ya maikroni 2.5 na 10, ambazo ndo nyingi kwenye vumbi la udongo, zinazisoma vibaya. Hapa pwani unyevu nao unavimbisha chembe usiku, unaona namba imepanda saa kumi alfajiri unadhani mgodi unafanya kazi kumbe ni umande. Na hata zingekuwa sahihi kabisa zinakupa uzito wa vumbi tu, hazijui kama ni nikeli au unga wa sembe.

Huku kwetu uzito wa vumbi peke yake unadanganya kuliko sehemu nyingi, na hili nalisema kwa wataalamu wanaokuja na vyombo kutoka mbali kwa wiki mbili alafu wanaondoka. Upepo wa kusi unavuma kuanzia kama mwezi wa nne, kiangazi kinakaza, na ndo msimu huo huo mikorosho inapuliziwa salfa. Mtwara na Lindi nzima, alfajiri, mabomba yanaunguruma, maana mkulima anajua salfa inashika vizuri jani likiwa na umande na upepo umetulia. Hiyo salfa ni unga laini kabisa na inaingia kwenye filta yako. Mwezi wa nane wa tisa watu wanachoma mashamba, moshi unaingia. Ukiwa karibu na bahari, chumvi nayo inaingia. Ukipima uzito tu unaubebesha mgodi mzigo wa korosho, au mbaya zaidi mgodi unajitetea kwa kusema yote ni salfa. Dawa yake ni kusoma kemia: salfa itajitaja yenyewe, chumvi itaonekana kwa sodiamu na klorini, moshi wa kuni kwa potasiamu, na udongo kwa aluminiamu, silikoni, titaniamu na chuma. Ukijua udongo ni kiasi gani ndo unauliza metali iliyozidi imetoka wapi. Kaskazi ikija na mvua picha inageuka tena, kwa hiyo kupima msimu mmoja ni kusoma nusu ya barua.

Kwenye kikao kimoja cha kijiji kule Ruangwa mzee mmoja aliniuliza swali ambalo ni zuri kuliko maswali ya wasomi wengi. Nilikuwa nimemaliza kuongea, nikampa nafasi, akasema, "Sasa mjukuu wangu, hilo vumbi mababu zetu wamelivuta na vilima vilikuwa hivi hivi, wewe utajuaje hili la leo ni la mashine na sio la Mungu?" Nikamwambia, "Babu, umegusa penyewe, siwezi kujua kama sijapima kabla." Udongo uliotokana na miamba yenye nikeli unakuwa na nikeli nyingi toka enzi. Wastani wa sehemu ya juu ya dunia ni kama miligramu 47 kwa kilo, ila juu ya miamba ya aina hiyo sehemu mbalimbali duniani udongo unapita 1000 bila mgodi wowote. Ukichukua wastani wa dunia kama kipimo cha usafi, kilima kizima cha Ntaka kitaonekana kimechafuliwa wakati ndivyo kilivyoumbwa. Na kinyume chake, baada ya mgodi kuanza, kila kitakachozidi mtu anaweza kusema ni asili ya kilima. Wanakijiji watasema ni nyinyi, kampuni itasema ni asili, na pande zote mbili hazina karatasi.

Karatasi inapatikana sasa hivi, kabla. Unachukua sehemu laini ya udongo wa pale pale ambao haujaguswa, wa upande ambao upepo hautoki machimboni, unapima nikeli na titaniamu, unapata uwiano wa asili wa eneo. Titaniamu haihami kirahisi na mgodi wa nikeli hauiongezi kivile. Miaka mitano baadae unapima vumbi la kenchi, unatafuta uwiano ule ule, ukikuta umepanda mara tatu, umri wa kilima hauelezi hilo. (Tahadhari ya kimaabara: ile asidi ya haidrokloriki na naitriki, tatu kwa moja, tunayoyeyushia udongo kabla ya kupima, haiyeyushi titaniamu vizuri, kwa hiyo titaniamu isome kwa XRF.)

Na hii sio kazi ya kusubiri mradi wa mabilioni. Ndoo ya plastiki nyeupe, safi, mdomo ukiwa umepimwa, juu ya nguzo ya mita mbili, wavu mpana wa kuzuia ndege, siku 30, alafu unaosha kilichodondoka kwa maji yaliyotoneshwa (mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji safi), unakausha kwa hewa, unapima uzito, unatunza kwenye kichupa chenye tarehe na mahali. Ndoo haikupi vumbi laini kabisa peke yake ila inakupa kitu cha kutunza, na vumbi lililotunzwa vizuri linaweza kupimwa hata mwaka 2040 kwa mashine ambazo leo hatuna. Risasi haiozi.

Walimu wa kemia na jiografia wa sekondari za Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Masasi, hili naliweka mezani kwenu. Ndoo tatu kwa shule, moja upande wa machimbo au unapotarajiwa mgodi, moja upande wa pili wa upepo, moja uani pa shule, zianze mwezi wa tano kusi ikishakolea na ziende mpaka mvua zianze, mkiandika kila siku ambayo jirani amepuliza salfa au amechoma shamba. Chekeche ya nailoni ya maikroni 63 ninayo ya kuazimisha, na vichupa nitavitoa mimi. Na wenyeviti wa vijiji, siku watu wa tathmini ya mazingira wakija kuwasomea ripoti, kabla hamjaisaini waulizeni kwa upole kabisa udongo ulichekechwa kwa ukubwa gani, na kama wakijibu milimita 2, waombeni warudi na namba ya vumbi.